Moshi Ulipewa Kiti

Kila asubuhi, akimaliza kufagia uwanja, Mbombo alichoma nyaya nyuma ya nyumba. Watu walimletea televisheni zilizokufa, radio, chaja za simu. Alizivunja kwa nyundo, akachoma plastiki mpaka shaba ikabaki peke yake, nyekundu kama ile aliyochimba babu yake kwenye mgodi wa Kambove.

Siku moja moshi haukupanda. Uliingia kwa mlango, ukasimama karibu na meza. Mbombo alikuwa anapakua bukari, ugali wa mahindi. Kwao mgeni haachwi amesimama, hata asiyejulikana. Aliusogezea kiti, akaunawisha mikono, akauwekea sahani. Moshi ulikula. Na aliyekula kwako hafukuzwi.

"Mama, huyu atarudia kwabo siku gani?" binti yake Elikia aliuliza.

"Umuulize yeye. Miye sikumuita."

Moshi ulilala kwenye mkeka wa Elikia. Mtoto akaanza kukohoa. Moshi ulivyonenepa, yeye alipungua, mpaka sare ya shule ikamkaa kama ya kuazima.

Papa Didier, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, akaita watu kwenye uwanja wa parokia. Kuna sheria inaombwa, alisema: mwenye kuuza televisheni aipokee ikikufa, aipeleke kufunguliwa bila moto. Nani anaiunga mkono?

Mbombo alinyoosha mkono kabla ya wote. Elikia akanyoosha. Moshi, uliokuwa umewafuata, ukanyoosha pia.

"Huyo mugeni iko nanenepa, Mama Elikia," jirani alisema. "Unamupikia nini?"

"Mumuhesabu," alisema Papa Didier. "Anakaa kwetu."

"Na ile sheria, papa, itafika lini?" Mbombo aliuliza.

"Iko njiani. Iko nalala kwanza Kinshasa."

Watu walicheka kidogo.

"Mutoto wangu iko nakohoa."

"Umupe maziwa. Maziwa inaosha kifua."

Kesho yake Papa Didier alituma televisheni yake mbovu kwa mkokoteni. Ilikuwa inamjazia salon, sebule yake, alisema.

Mbombo aliitazama. Akamtazama Elikia. Nyumbani hakukuwa na maziwa, na maziwa hununuliwa kwa shaba. Akachukua nyundo.

Alipokuwa anapakua bukari, moshi wa pili uliingia, ukasimama karibu na meza. Viti vilikuwa vimekwisha. Elikia aliinuka, kama alivyofundishwa, akaupa chake.