Visigino vya Jicho

Mume wangu wanamwita Jicho, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa akisimama kwenye ubao wa mbele ya boti, anamwona tarponi akigeuka chini ya maji wakati mgeni mwenye miwani ya bei mbaya haoni kitu. Tarponi ni samaki mkubwa, magamba yake kama visahani, nyama yake miiba mitupu. Wageni humvua kwa mchezo tu, wanapiga naye picha kisha wanamrudisha majini. Kazi ya Jicho ilikuwa kumwona kwanza.

Sasa haoni. Presha ya macho imemmaliza, na hospitali walituambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi. Tajiri, mwenye boti na mshika usukani, hatukumwambia. Mume wangu alisema akitolewa pale mbele basi nimzike tu, na namjua, hakuwa akitania.

Ndipo nikajipachika upishi wa boti. Nilimwambia tajiri wageni wanataka chai ya moto, naye akacheka kwamba namchunga mume asiibiwe na nguva. Cheka baba, nikasema moyoni. Nilikaa nyuma ya Jicho na birika langu, na nikiona samaki namgusa kisigino kwa kidole cha mguu. Cha kulia, samaki yuko kulia; cha kushoto, kushoto; vyote viwili, karuka. Tulifanya mazoezi chumbani, yeye kapanda kigoda, mimi nimekaa kitandani, tunacheka kama wapumbavu.

Siku hiyo mgeni alikuwa daktari wa meno, mtu mpole anayekuja kila mwaka na kurudi mikono mitupu. Nikaona mgongo unameta, nikagusa kulia. Jicho akaonyesha kwa mkono, daktari akarusha chambo, mshipi ukakazika. Tarponi akiruka lazima umwinamie, yaani ushushe ufito wa kuvulia umwelekee ili mshipi ulegee. Ukishindana naye, mshipi unakatika. Wageni husahau. Nikagusa vyote viwili.

"Mwinamie!" Jicho akapaza sauti, na daktari akainama.

Samaki akaruka tena, akainamiwa tena. Nilikuwa na furaha ya kulia machozi. Hata tajiri alisema Jicho ni Jicho.

Laiti tungekomea hapo. Lakini samaki akichoka huletwa ubavuni mwa boti, na Jicho ndiye anayemshika taya atolewe ndoana. Akapiga magoti. Nikataka kumfikia, ila tajiri alikuwa kasimama katikati yetu na kamera. Jicho akatia mkono, akashika maji. Akatia tena, akashika maji. Samaki alikuwa huku, mkubwa kama mlango, yeye anapapasa kule. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu iliishia pale.

Daktari alipiga magoti kando yake, akamshika mkono taratibu kama mgonjwa mwenye hofu, akaupeleka mpaka kwenye taya la samaki. Heri angetutukana. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Tukiwa njiani tajiri alisema Jicho apumzike kidogo, mpaka macho yapate nafuu. La kuvunda halina ubani, na sote tulijua.

Asubuhi yake Jicho aliamka, akavaa kofia yake ya kazini, ile pana, akakaa mlangoni. Tukasikia injini ya boti ikitoka.

"Nani kasimama mbele?" akaniuliza.

Nilimwona vizuri. Alikuwa mpwa wa tajiri, mtu mzima na ndevu zake, kichwa wazi.

"Hakuna mtu," nikasema. "Mahali pako pako vilevile."

Alisikiliza mpaka boti ikapita.

"Mbele kukiwa kutupu, boti hupiga maji kwa kelele," akasema. "Hii imetulia. Kuna mtu."

Akavua kofia, akaipapasa ukingo wote, akaninyooshea.

"Wakirudi, mpelekee," akasema. "Jua la kule linakula macho."