Kahawa Iliyogeukia Mlangoni

Baada ya kuanua matanga ya Aroni kule Muleba, wazee wa ukoo waliketi sebuleni kuamua kibanja chake, yaani nyumba na shamba la migomba, apewe nani. Mjane wake, Joviana, alikaa mkekani karibu na mlango pamoja na binti yao wa pekee, Evodia, mwalimu wa fizikia huko Kahororo. Kitini alikaa Projestus, mtoto wa kaka wa marehemu, ambaye tayari alikuwa na mnunuzi. Kibanja kikienda kwake, Joviana hana pa kulala.

Mzee Rwegasira alishika kikapu cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna. Alikuwa na wasiwasi, hivyo alipoongea mkono ulikitikisa kikapu. Mwanzoni punje zilitazama huku na huku. Alipozidi kutikisa, zote ziligeuka kwa pamoja, ncha zikamwelekea Evodia.

“Projestus, hamia pale mlangoni,” alisema Rwegasira.

Evodia akampisha, akasimama dirishani. Punje zikamfuata dirishani.

“Mwalimu, hili ni jambo gani?” aliuliza Rwegasira.

“Waitu, wazee wangu, punje moja peke yake haina upande inaoupendelea. Pande zote kwake ni sawa. Zikitikiswa pamoja kupita kiwango fulani, zinachagua upande mmoja. Zikiachwa zitulie, zinasahau.”

“Na kwa nini upande wako?”

“Hilo wazee mnalijua.”

Joviana alibana pindo la kitenge mpaka vidole vikafa ganzi. Migomba yote ya kibanja kile aliipanda yeye.

Rwegasira akakiweka kikapu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Punje zikalala ovyo.

“Zimetulia,” alisema, akashusha pumzi. “Tuendelee. Kibanja ni cha Projestus.”

Uamuzi ulifungwa kwa kutafuna, kama ilivyo desturi. Kikapu kikazunguka, kila mzee akatia punje mdomoni. Taya zilipoanza kwenda, mashavu yakavimba, kila mmoja lile shavu lililo upande wa dirisha, aliposimama Evodia. Shavu la Projestus lilimvuta mpaka shingo ikapinda. Walitafuna hivyo hivyo, wakapongezana, wakaulizana mnunuzi atafika lini. Hakuna aliyeona aibu, na hilo lilimuuma Evodia kuliko kibanja chenyewe.

Joviana aliinuka, akakunja mkeka.

“Mwanangu,” aliuliza, “kwenye kile chumba chako cha kupanga Kahororo, kupikia kuni wanaruhusu?”