Simu ya Mama

Bwenini kwetu kila mwenyeji hupangwa chumba kimoja na mgeni, ili wafundishane lugha. Wangu nilimfundisha vizuri mno, mjinga mimi. Siku hizi mama yangu mzazi anampigia yeye simu, na binti huyu wa ng'ambo anaitika “Abee, mama!” kwa sauti ya asali.

Leo wamecheka weee, wakafika mpaka kwenye ugonjwa wa shangazi, ambao mimi sina habari nao. Nikageukia ukutani, roho inaniuma. Nikamsikia mama kwenye spika akiaga:

“Haya mwanangu, nisalimie na huyo mwenzako wa chumbani. Mvumilie tu, naye ni mtoto wa watu.”