Umenikanyaga

Nyumba ya Amne na Zubeir huko Mount Druitt, Sydney, ilikosa utulivu tangu Huda alipopagawa na bendi moja ya Waingereza iitwayo Low Gables. Huda ni binti yao wa pekee, anasoma chuoni Kensington. Albamu mpya ya bendi hiyo, Kettle Weather, ilikuwa imeshika namba moja Uingereza na sasa imeshika namba moja Australia, na Huda aliipiga akipiga mswaki, akaipiga akipiga pasi, akaipiga hata akisoma. Magitaa yalinguruma, ngoma zikapasuka, na mwimbaji akalalamika juu ya mvua kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Huyu anaumwa?" Amne aliuliza siku moja.

"Mum, he's a genius," Huda akajibu. Kiswahili alikielewa chote, ila kujibu alipenda Kiingereza.

Amne mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mfanyakazi wa nyumba ya wazee kule Seven Hills. Waswahili wa Sydney walimjua kwa jambo moja: vigelegele. Harusi isiyo na Amne ilihesabiwa kama haijachangamka. Vigelegele vyake vilianza chini, vikapanda, vikakaa huko juu vikitetemeka mpaka wageni wakaanza kumhurumia kwa kukosa pumzi, na hapo ndipo alipoongeza.

Jumamosi moja alikuwa jikoni anakata vitunguu, Huda yuko chumbani na muziki wake. Mara magitaa yakanyamaza. Kimya kidogo. Kisha ukutani vikapenya vigelegele, virefu, vyembamba, vikipanda, na katikati vikakatwa na sauti ya mwanamke aliyekasirika: "Umenikanyaga!" Papo hapo ngoma zikaanguka kama mabati yanayomwagwa.

Amne akaweka kisu chini.

"Huda! Rudisha hapo!"

"Nini?"

"Rudisha nyuma nisikie!"

Huda akatoka na simu mkononi, akarudisha. Amne akasikiliza, mkono kifuani.

"Huyo mimi," akasema.

Huda akacheka. Akamweleza mama yake, kwa Kiingereza cha haraka, kwamba hiyo ndiyo sehemu maarufu kuliko zote kwenye albamu nzima. Watu walikuwa na fulana zenye neno hilo. Wakenya mtandaoni walishaeleza maana yake wakacheka mpaka wakachoka. Ila mwenye sauti hajulikani. Bendi yenyewe imesema inamtafuta. Ilikuwaje awe mama yake, mwanamke ambaye hata kubadilisha mlio wa simu hajui?

"Harusi ya yule kijana Sabri," Amne akasema. "Hukuja, ulikuwa na mtihani. Sabri alimwalika Mwingereza waliyefanya naye kazi ghalani, yule Dom. Akaja na kipaza sauti kwenye fimbo, kina manyoya kama panya. Akaomba ruhusa arekodi, sote tukasema rekodi tu. Bwana harusi anateremka garini, mimi niko kwenye vigelegele vyangu, yeye anarudi kinyumenyume apate sauti vizuri, na lile buti lake, pwaa, juu ya kidole changu."

"No way."

"Nikapiga kelele. Halafu akaniuliza, mama, umesema neno gani zuri hivyo? Mgeni wa watu, utamwambiaje? Nikamwambia maana yake ni 'karibu sana'."

Huda bado alitikisa kichwa. Basi Amne akafuta mikono kwenye kanga, akavuta pumzi, akapiga kigelegele hapohapo jikoni. Mbwa wa jirani akabweka. Vikombe vikalia kabatini. Huda akamtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza, kisha akapiga ukelele, akamrukia, wakaanza kurukaruka pamoja wakikanyaga maganda ya vitunguu. Zubeir akatoka bafuni na povu masikioni, akidhani nyumba inaungua.

"Baba, Mum yumo kwenye Kettle Weather!"

"Yumo wapi?" Zubeir akauliza, akitafuta moto.

Sabri alipopigiwa simu akampata Dom kupitia ukurasa wa bendi mtandaoni; Dom alisharudi London na sasa ndiye fundi sauti wa bendi. Dom akapiga kwa video. Alipomwona Amne akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amepoteza simu yenye namba ya Sabri, akamtafuta hata kwa watu wa msikitini asimpate. Sasa Low Gables walikuwa wanakuja Sydney mwezi ujao, tamasha la mchana, bustanini. Je, angekubali kupanda jukwaani?

Amne akasema atafikiri, kisha akalala vibaya. Kazini akamweleza Wilkister, muuguzi kutoka Kisumu ambaye hujua kila kitu kabla ya wengine.

Wilkister akaacha trei ya chai. "Ati wewe ndio umenikanyaga?"

"Usipige kelele, wazee wamelala."

"Mama Huda! Hiyo ndiyo alarm yangu! Haki ya nani, mimi naamshwa na wewe kila asubuhi na sijui!" Akatoa simu kuthibitisha, na wazee wakaamka wote.

Aliyemtia hofu zaidi ni Zubeir. Mumewe alikuwa mtu wa taratibu, anasomesha watoto Kurani Jumapili. Akamweleza akiwa ameangalia chini. Zubeir akatafuna tambi zake polepole.

"Utavaa nini?"

"Baibui langu na ule mtandio wa kijani."

"Wanapiga saa ngapi? Isije alasiri ikatupita."

Siku ikafika, jua kali na bustani imejaa watu mpaka kwenye miti. Zubeir na Sabri waliswali nyuma ya lori la vyombo, mpiga ngoma akawashikia mkeka usipeperuke. Wilkister alikuja na fulana iliyomwishia kitovuni. Huda alikuwa mbele kabisa ya umati, amelia mpaka wanja umemfika mashavuni, na bendi ilikuwa haijaanza.

Kisha wakaanza. Nyuma ya jukwaa Amne alizisikia mbao zinatetemeka chini ya viatu vyake. Dom akampa kipaza sauti, akamshika kiwiko, akaangalia sana anapoweka miguu. Magitaa yakanyamaza.

"Tuliambiwa maana yake ni karibu," mwimbaji akawaambia watu. "Tukaamini. Halafu Nairobi yote ikatuandikia. Leo mwenyewe yuko hapa."

Amne akatoka. Watu walikuwa hawana mwisho. Akainua kipaza sauti, akafungua kinywa, na ulimi ukamgandia. Hakukutoka kitu. Akajaribu tena, pumzi tupu. Akamwona Huda pale chini, viganja mdomoni.

Ndipo sauti moja kutoka upande wa Wilkister ikalia: "Umenikanyaga!" Mwingine akaitikia. Kisha safu nzima, kisha bustani nzima, Wazungu, Wachina, Walebanoni, watoto mabegani mwa baba zao, wote wakimlalamikia Amne kwa Kiswahili kibovu kwamba amewakanyaga. Amne akashikwa na kicheko. Akainama, akacheka mpaka machozi, na katikati ya kicheko hicho ulimi ukafunguka wenyewe.

Kigelegele kikatoka. Kilianzia chini na kikapanda juu ya miti, na kilipofika pale ambapo watu hudhani kimekwisha, akaongeza. Umati ukanguruma. Ngoma zikapasuka, na Amne, mtu mzima wa Tanga, akajikuta anacheza chakacha katikati ya magitaa, na mwimbaji wa mvua anajaribu kumfuata, kiuno kikamkatalia.

Jioni walibanana kwenye tramu, Zubeir amebeba mkeka na vijiti vya ngoma alivyopewa. Kijana mmoja mwenye nywele za buluu akasogea, akamnong'oneza Amne kwamba mchumba wake amekubali posa yake leo hii, wakati wa wimbo wa tatu, na yeye bado hajamwambia mtu.

"Hajaambiwa mtu?" Amne akasema. "Sasa hiyo ni posa gani?"

Akamgeukia mumewe. Zubeir akaziba masikio kwa vijiti vya ngoma, akitabasamu, akamwashiria kwa kichwa aendelee tu.