Nguzo ya Nne

Ghala la Bwana Probert, kule Herefordshire, lina nguzo kumi na mbili za mwaloni, na kila moja ina namba yake, iliyochongwa kwa patasi na mafundi wa miaka mia nne iliyopita. Nguzo ya nne ni Amos Gwilliam. Namba yake iko kwenye soli ya buti.

Ghala lilipogeuzwa la kutengenezea pombe ya matufaha, mashine ya kukamulia ilikataa kupita. Wakaing'oa nguzo ya nne. Boriti ikalia, na Amos, aliyekuwa anapita na ndoo, akaweka bega.

"Shikilia kidogo tu," alisema Probert. "Nguzo ya chuma inaletwa Jumatatu."

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Amos hula mkate na jibini hapo hapo, hunyolewa hapo hapo, na majani yanaporudi mitini, machipukizi ya mwaloni humtoka begani. Mkewe, Dilys, huyakata kwa mkasi wa jikoni. Mkaguzi wa majengo ya kale alikuja, akamgonga kifuani, akaandika kwamba ni imara na asiondolewe bila kibali. Na kweli ni imara. Nani abishe?

Kisha binti yake, Hester, akapata mchumba. Kanisa liko hatua mia mbili tu kutoka ghalani, na Amos alitaka jambo moja: kumshika mwanawe mkono siku ya harusi na kutembea naye.

"Jumatatu, Amos," alisema Probert.

"Harusi ni Jumamosi, bwana."

"Si mfungie ndoa humu humu! Ghala zuri hivi!"

Hester alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akamgeukia mchumba wake, Corin, mpanga mapipa. "Wewe mabega si unayo? Ingia hapo."

"Na suti yangu?"

"Ingia, bwana!"

Basi Jumamosi Corin alisimama chini ya boriti na ua kifuani, kasisi pembeni yake. Amos akatoka. Alimshika Hester mkono, wakaenda mpaka lango la kanisa, wakarudi kwa njia ndefu ya shambani, kila mtufaha ukiguswa. Alilia waziwazi, wala hakujificha. Akamkabidhi binti kwa bwana harusi palepale nguzoni, na walipokwisha kuapishwa akarudisha bega lake.

"Toka, mwanangu. Kacheze."

Probert naye alifuta machozi. Kisha akapiga simu kwa wauza chuma.

"Ile nguzo msilete tena. Sasa ninao wawili, watapokezana."

Pombe ya mwaka ule ilikuwa tamu kuliko zote, hilo halina ubishi. Na Jumatatu fundi alikuja kweli. Alikuja na patasi ndogo, akaketi juu ya pipa, akamwomba Corin avue buti.