Nimeze au Nipande

Msimamizi wetu wa saiti tulimwita Daktari, na jina hilo hakulipata kwa kusoma. Alilipata kwa kopo la biskuti alilolifungia kwenye droo ya meza yake, ndani ya kile chumba cha mabati tulichokiita ofisi. Ukipiga chafya, unaitwa. Ukikohoa, unaitwa. Ukisema unaumwa na unaomba kupumzika, droo inafunguliwa, kopo linatoka, unapewa kidonge na glasi ya maji, na Daktari anakukodolea macho mpaka umeze. Kisha anasema, "Haya, umepona. Kazini."

Pale saiti tuliumwa kama watu wa kila mahali, lakini hakuna aliyewahi kupewa ruhusa ya kwenda kulala nyumbani kwa sababu ya mafua. Kwa Daktari mafua hayakuwa ugonjwa, yalikuwa uvivu wenye kamasi.

Sasa vidonge vyenyewe. Alivinunua kwa jumla, zile pakiti za mafua zenye vidonge vya rangi mbili: vya njano vya mchana, vya bluu vya usiku. Cha njano kinakuzibua pua na kukupunguzia maumivu ya kichwa, unaendelea na shughuli zako. Cha bluu kinafanya hayohayo halafu kinakulaza, ndiyo maana kikaitwa cha usiku. Yeyote aliyesoma pakiti analijua hilo. Daktari pakiti alizitupa kwa sababu zilimjazia droo. Akavikata vidonge kwa mkasi, kimoja kimoja na karatasi yake, akavichanganya vyote kwenye kopo kama njugu. Ukimuuliza habari za rangi, anakujibu kwamba ni mapambo ya kiwandani.

Tulijifunza wenyewe, kwa kuumbuka. Mpaka rangi wetu alipewa cha bluu asubuhi, akakutwa amelala juu ya ndoo yake, brashi mkononi, suruali nusu imeshapakwa. Mlinzi wa geti alipewa cha bluu, lori la mchanga likapiga honi nje mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Tangu hapo kila aliyeitwa ofisini alitia mkono koponi na kutoka na cha njano. Daktari hakujali, alimradi umemeza. Na kwa kuwa sote tulichagua vya njano, na yeye hakununua pakiti mpya mpaka kopo liishe, msimu wa mafua ulipopamba moto kopo lilikuwa limebaki bluu tupu.

Hapo ndipo mafua yakanikumba mimi.

Mimi ni dereva wa winchi, ile ndefu ya kunyanyulia vitu hadi ghorofa za juu. Wananiita Dada wa Juu. Chini yangu, kwenye kulabu, anafanya kazi shemeji, mume wa mdogo wangu. Yeye ndiye anayefunga mizigo na kuniongoza kwa ishara na redio. Kila mzigo ninaounyanyua unaanzia karibu na kichwa chake. Sijawahi kulisahau hilo, hata siku anazoniudhi, nazo ni nyingi maana ana mdomo. Mdogo wangu yuko nyumbani na mtoto mchanga, na kila asubuhi ananiambia neno lilelile: "Dada, nirudishie mume wangu." Analisema kwa utani. Mimi silichukulii kwa utani.

Siku hiyo niliamka kichwa kizito, pua imeziba, macho yanachuruzika kama ya mfiwa. Nikaenda kazini hivyohivyo kwa sababu trela lilikuwa linaleta ngazi za zege, zile zinazomwagwa kiwandani zikaja nzimanzima, na zilitakiwa kupanda siku hiyo. Nilipofika mbele ya ofisi nikapiga chafya mfululizo mpaka nikaona nyota. Nikajiambia hapana. Mtu akipiga chafya anafumba macho, atake asitake, na mtu anayefumba macho kila mara hana biashara na zege linaloning'inia juu ya watu. Nikaingia ofisini kabla sijaitwa.

"Bosi, leo siwezi kupanda. Naumwa."

"Kaa hapo," akasema, na droo ikafunguka.

"Sikuja kuomba dawa. Nimekuja kukwambia ngazi zisubiri kesho, au umrudishe yule mwenzangu wa kupokezana."

"Mwenzako yuko saiti nyingine, na huko ana kazi zake. Trela limeziba barabara, na mwenye jengo amenipigia simu hata sijanawa uso. Meza."

Akaweka kidonge mezani. Bluu.

"Hiki ni cha usiku, bosi."

"Usiku, mchana, dawa ni dawa. Kwani kinajua kusoma saa?"

"Basi mtume mtu hapo mtaani, duka la dawa liko wazi. Alete vya mchana. Nimeze, nipumzike, baadaye tuangalie kama macho yamekauka."

"Kopo limejaa dawa halafu nitume mtu dukani! Unaniona mwendawazimu?"

Nilikuwa nimejitahidi kuwa na adabu tangu nilipoingia, na adabu ikaniishia pale.

"Chagua moja," nikamwambia. "Nimeze au nipande. Vyote viwili sifanyi."

"Utafanya vyote viwili. Au chukua mkoba wako uende, na leo hii nitaleta mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Wanaokililia ni wengi."

Sitajifanya jasiri, hapo niliingiwa na woga. Kazi ya winchi kwa mwanamke haiokotwi. Nilizunguka saiti nyingi nikichekwa getini kabla ya kukipata kiti kile, na chumba ninachoishi na mama yangu kinategemea kiti hichohicho. Ukiambiwa utamwaga unga, tumbo ndilo linalosikia kwanza. Lakini nikatazama dirishani, nikamwona shemeji. Alikuwa amesimama mahali pake chini ya kulabu, anavaa glavu, anapiga mluzi, ananisubiri. Hana habari ya lolote. Woga ukanitoka, nikashikwa na hasira, na hasira mimi naijua namna ya kuishi nayo.

Nikakichukua kidonge, nikatoka nacho nje hadi katikati ya saiti, Daktari nyuma yangu na glasi yake.

"Jamani!" nikapaza sauti, ile iliyobaki. "Sogeeni! Daktari amenipa dawa!"

Nikakiinua waone rangi yake. Mpaka rangi akashika kichwa. Nikakitoa kwenye karatasi yake, nikakitupia mdomoni, nikapokea glasi, nikanywa maji yote, nikamrudishia, kisha nikafungua mdomo na kuinua ulimi kama mtoto anayekaguliwa.

"Nimemeza, bosi. Umeona? Wote mmeona? Basi kuanzia sasa mimi ni mtu wa kulala, na aliyenilaza ni wewe."

Watu wakaangua kicheko. Daktari angeweza kuvumilia kuchukiwa, alishazoea. Kuchekwa ndiko kulikomchoma.

"Panda," akasema.

"Sipandi."

"Nimekwambia hizo rangi ni mapambo! Panda!"

"Kama ni mapambo, nenda kasimame pale." Nikamwonyesha mahali pa shemeji. "Shemeji, hebu mpishe bosi. Mimi nipande na kidonge changu, yeye akae chini ya ngazi zake. Tuone hayo mapambo."

Nilidhani nimempata. Nilijua atameza mate, atang'aka kidogo, atarudi kwenye chumba chake cha mabati na mambo yataishia hapo, maana wapenda amri niliowahi kuwaona hawapendi kusimama chini ya kitu. Nilijidanganya. Daktari aliweka glasi chini, akavaa kofia ngumu, akaenda hadi pale, akamsukuma shemeji pembeni, akasimama chini ya kulabu mikono kiunoni.

"Haya," akasema. "Nimesimama. Panda."

Saiti nzima ikaacha kazi. Hata aliyekuwa anachanganya zege alizima mashine. Shemeji akanitazama, nami nikavitazama vile vyuma vya kupandia winchi. Neno nilikuwa nimelitoa mwenyewe, tena mbele za watu. Na nusu ya moyo wangu ilitaka kupanda, ili tu nimwone anavyokodoa macho zege likiyumba juu ya utosi wake. Nikashika chuma cha kwanza. Chafya ikaja, nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikamwona pale, mtu mfupi mwenye kitambi, shati limechomekwa upande mmoja, na shingo ameizamisha mabegani kama kobe. Alikuwa anaogopa. Anaogopa, na bado amesimama, mjinga yule!

Nikaachia chuma.

"Nilifikiri una maneno tu," nikamwambia. "Kumbe una wazimu. Toka hapo."

"Panda!"

"Sipandi. Shemeji sitamuua kwa ajili yako, na wewe sitakuua kwa ajili ya trela. Hata wewe, bosi. Kama ni kunifukuza, nifukuze ukiwa mzima."

Nikafungua mkanda wa usalama, nikautupa chini. Nikakaa juu ya rundo la mbao pale pale kwenye vyuma vya kupandia, mgongo umeegemea winchi, miguu nimeinyoosha.

"Anayetaka kupanda atanivuka mimi," nikasema.

Yaliyofuata nimesimuliwa, tena mara nyingi, maana bado nafanya kazi pale na wenzangu hawachoki kusimulia. Mimi ninachokumbuka ni dereva wa trela anapiga honi, na ile honi inazidi kuwa mbali. Shemeji anasema nilimsonya dereva huyo, na sonyo sikulimaliza, likageuka mkoromo. Kwa pua iliyoziba vile, anasema, mkoromo ulisikika mpaka ghorofa ya juu. Kofia ikanishuka hadi kidevuni.

Ilikuwa imepita kama nusu saa, na Daktari alikuwa bado yuko chini ya kulabu, mikono kiunoni.

"Anajifanya huyo," akasema. "Mwamsheni."

Shemeji akaniita. Akanitikisa bega, akaninyunyizia maji usoni. Mpaka rangi akaja na ndoo, akaigonga kwa brashi karibu na sikio langu. Ati niligeukia upande wa pili nikasema, "Mama, niache kidogo tu," nikaendelea kukoroma.

Wakati huo hakuna aliyecheka tena. Shemeji akasimama wima. Akalitazama trela na zile ngazi za zege zimelala juu yake, akakitazama kiti changu kule juu, akanitazama mimi nilivyolegea kwenye mbao, mdomo wazi. Huyu shemeji yangu hajawahi kukosa la kusema, hata msibani. Kisha akamgeukia Daktari, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Bosi, saa hizi ngazi ya kwanza ingekuwa imefika wapi?"

Daktari akashusha mikono kiunoni. Akainua uso. Juu yake kulikuwa na kulabu tupu, na juu ya kulabu kibanda kisicho na mtu, na winchi yenyewe imezimwa. Hapakuwa na kitu chochote cha kumwangukia. Alitoka pale mbio, kashikilia kofia kwa mikono miwili.