Kulungu wa Mbele

Niliwapiga risasi kulungu wa mbele, na kundi lote likageuka. Kijiji kikaingia majira ya baridi bila nyama. Sikuwa nimelewa, na sikuwadhania kuwa wengine. Nilijua ni wa mbele na nikapiga.

Kwetu, kwenye nchi ya theluji, hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba wa mbele hawaguswi. Wanaposhuka kutoka kaskazini mwezi wa nane, wale wa kwanza huachwa wapite. Watu wanalala kifudifudi, moto unazimwa, mbwa wanafungwa midomo. Wa mbele wakishavuka bonde na harufu yao ikabaki njiani, wanaofuata huja bila wasiwasi, siku tatu, siku nne, maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo mnachagua walionona. Wazee wetu walifanya hivyo walipokuwa na mikuki, na sisi tunafanya hivyo tukiwa na bunduki na darubini.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Hatuna barabara. Petroli inaletwa kwa ndege, na mwaka ule galoni moja ilikuwa dola kumi na nne. Kuni tunazifuata kwa petroli, maji tunayavuta kwa petroli, msumeno nao unakunywa petroli. Mlima wa kuvizia uko kilomita thelathini kutoka nyumbani. Mimi ni fundi wa injini. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na nne, na wateja wangu wengi hunilipa samaki. Agosti ile nilikuwa na galoni nane, basi. Nyumbani nilikuwa na mama yangu, Dorcas, miaka themanini na mmoja. Tumbo lake halikubali nyama ya kopo. Akila, anaumwa siku mbili na ananiambia ni baridi tu. Bila kulungu, mama angekula samaki na wali hadi Aprili, na alikuwa tayari ameanza kuishikilia sketi yake kwa pini.

Kitu kingine lazima nikiseme, kwa sababu watu walikisema kabla yangu. Mwezi wa tatu maofisa wa serikali walikuja na kipaza sauti, wakakiweka ukumbini. Walitaka maoni yetu kuhusu kuchimba mafuta kule pwani ya kaskazini, ndani ya hifadhi, mahali kulungu wetu wanapozalia. Kila mtu dakika tatu. Watu thelathini na wawili walisimama wakasema hapana. Mama yangu alikuwa wa tano. Mimi nikasimama nikasema ndiyo.

Nilisema, "Nyote mmekuja hapa kwa pikipiki za theluji, na hazinywi maji. Wakichimba visima kumi, kulungu watavizunguka visima kumi. Mimi nataka galoni ya dola nne." Nikakaa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili na nusu na hakuna aliyezitaka.

Tangu hapo nikawa Bwana Kisima. Nikiingia dukani mtu anasema, "Mpisheni Bwana Kisima, asije akamwagika." Nikitengeneza injini ya mtu, anauliza kama nitampunguzia bei nikianza kutoka mafuta puani. Nilicheka nao. Niliamini nilichosema, na bado sijaona mtu aliyenionyesha namna ya kwenda kilomita thelathini kwa maneno mazuri.

Mlimani nilikwenda na Alvin, mtoto wa mjomba wangu. Tumewinda pamoja tangu tuna miaka kumi. Yeye hakuwa na petroli hata ya kunusa. Alikuwa na hema, majani ya chai na biskuti ngumu. Tulipanda wawili kwenye pikipiki yangu ya magurudumu manne, kwenye matope, na ilipofika juu ilikuwa imekunywa galoni tatu. Zikabaki tano. Kushuka ni tatu nyingine. Mbili hazitoshi kupanda tena. Kwa hiyo tukishuka mikono mitupu, mwaka wetu umekwisha.

Ukungu ulitukuta siku ya kwanza na haukuondoka. Tulikaa ndani ya hema magoti kwa magoti.

"Ungechimba hapa hapa chini ya kitanda chako," Alvin alisema. "Tungepata moto."

"Chimba wewe. Una mikono mirefu."

"Mimi sina kibali. Wewe ndiye rafiki wa serikali."

"Rafiki wa serikali angekuwa na sukari."

"Kweli," alisema, akakinga kikombe chake nimtilie chai, iliyokuwa maji ya moto yenye rangi kidogo.

Siku ya tatu mama aliita kwenye redio ya mawasiliano. Kila nyumba ina redio hiyo na kila nyumba huiacha wazi, kwa hiyo ukiongea na mama yako unaongea na kijiji.

"Virgil, mmekula?"

"Tumekula, mama."

"Usidanganye kwenye redio, watu wanasikia." Nilisikia kicheko cha mtu mahali fulani. "Mimi nina supu ya samaki. Msiharakishe."

"Sawa, mama."

"Alvin, mwambie asiharakishe."

"Namwambia, shangazi. Hasikii, ana mafuta masikioni."

Siku ya nne biskuti ziliisha. Tulichuma matunda ya porini kwenye ukungu, tukipapasa kama vipofu, tukala hadi meno yakawa meusi. Kulungu walikuwa wamechelewa wiki mbili. Hatukuweza kukaa na hatukuweza kuondoka. Usiku ule nilipiga hesabu ya petroli mara nyingi sana, kana kwamba ingebadilika.

Asubuhi ya tano niliwasikia kabla sijawaona. Kulungu wa kwetu wanapotembea, miguu yao hualika, tik, tik, kama mtu anayevunja vijiti vidogo mfukoni. Ukungu ulifunguka kidogo na nikawaona: majike saba, wazee, wanatembea polepole, hatua sitini kutoka tulipolala. Kwetu hata majike wana pembe, na aliyetangulia alikuwa na moja imevunjika.

Alvin aliniwekea mkono begani. "Ni wa mbele."

"Naona."

"Basi teremsha bunduki."

"Na kama ni hawa tu?"

"Virgil."

"Wamechelewa wiki mbili. Kama ni hawa tu, tunarudi na nini?"

"Tunarudi. Teremsha."

Sikuteremsha. Nilipiga mara tatu na watatu wakaanguka. Wanne waliobaki waligeuka wakapanda walikotoka, wakaingia kwenye ukungu. Halafu tukasikia nyuma ya ukungu sauti kama kokoto zinamwagwa kutoka kwenye lori. Ilikuwa kubwa, kubwa kuliko kundi lolote nililowahi kulisikia. Walikuwa pale pale, nyuma ya wa mbele, pengine nusu saa tu. Sauti ikaenda mashariki, ikapungua, ikaisha. Hatukumwona hata mmoja.

Redio ikalia. Alikuwa Myra, chifu wetu, aliyekuwa akivizia na watu wake mlima wa pili.

"Nani kapiga?"

Nilifungua bunduki, nikatoa ganda la mwisho.

"Nimeuliza, nani kapiga?"

Redio ilikuwa mkononi mwa Alvin. Alinitazama, akanipa.

"Ni Virgil," nikasema.

Najua mama alikuwa anasikia.

"Wa mbele?"

"Wa mbele."

Mtu mwingine, sauti sikuijua, akasema, "Haya," akazima.

Alvin alinisaidia kuchuna, maana nyama haiachwi. Alifanya kazi safi kama kawaida yake, mioyo upande huu, maini upande ule, hakutupa kitu. Alipomaliza alifuta kisu kwenye nyasi.

"Ulisema watazunguka," alisema. "Wamezunguka."

Nilimwambia apande pikipiki. Alisema mzigo unatosha. Akashuka kwa miguu, kilomita thelathini, na hema mgongoni.

Nyama ya kwanza ni ya wazee. Nilipita nyumba hadi nyumba na mafungu. Kila mmoja alipokea, kwa sababu kwetu nyama haikataliwi, lakini hakuna aliyeniambia ingia. Mama alipika. Tulikula yeye na mimi, redio ikiwa wazi na hakuna mtu anayeongea.

"Nilikwambia usiharakishe," alisema.

"Petroli ilikuwa imekwisha, mama."

"Baba yako hakuwa na petroli kabisa."

"Baba alikuwa na mbwa kumi na mmoja wa kumvuta kwenye theluji, na mto uliojaa samaki wa kuwalisha. Mimi nina injini. Nikiilisha samaki haitembei."

Alinisogezea bakuli. "Kula," akasema. "Unaongea kama bado uko kwenye kipaza sauti."

Mtafiti wa wanyama, anayewafuatilia kulungu kwa mikanda ya shingoni inayotuma ishara, alimwambia Myra kwa simu kwamba huenda kundi lingegeuka hata hivyo. Joto lilikuwa limezidi, na majike wengi walikuwa tayari wanaelekea mashariki. Myra alilitangaza kwenye redio, neno kwa neno, kwa haki. Hakuna aliyeamini. Mimi mwenyewe nimejaribu kuliamini, lakini nilisikia zile kokoto.

Theluji iliposhika, habari zikaja kwamba kundi limekaa kando ya mto mmoja mashariki, kilomita mia na tisini. Kila mwanamume kijijini alijua mahali penyewe na hakuna aliyekuwa na petroli ya kufika. Ndipo mtu wa kampuni ya mafuta akanipigia simu. Aliongea kwa upole. Alikuwa ameyasoma maneno yangu ya ukumbini na alitaka kuyachapisha kwenye karatasi ya kugawa, pamoja na picha yangu. Kama shukrani wangeniletea mapipa mawili ya petroli, galoni mia na kumi. Nilisema nitafikiri. Mama alikuwa amehamisha pini ya sketi mara ya pili.

Nilikwenda kwa Alvin. Alifungua mlango nusu.

"Twende mashariki," nikasema. "Wewe na mimi, pikipiki mbili, wiki moja."

"Kwa petroli ya nani?"

"Yangu."

"Ya nani, Virgil?"

Nikamwambia.

"Shangazi anajua?"

"Atajua akishashiba."

Alitazama mikono yake. Ana watoto wanne, na nilijua kabatini mwake kuna nini, kwa sababu hakukuwa na kitu. "Ningekuja kwa mbwa," alisema. "Ningekuja kwa miguu. Hiyo siwezi." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Angeubamiza ningejisikia vizuri zaidi.

Myra naye alinikuta kwenye uwanja wa ndege siku mapipa yalipoteremshwa. "Sikukatazi kumlisha mama yako," alisema. "Lakini humo ndani ya karatasi yao usiseme 'sisi'. Sema 'mimi'."

"Nimeelewa, chifu."

Karatasi ililetwa na ndege ile ile, imeshapigwa chapa tayari. Ilianza hivi: *Sisi wenyeji tunaoishi na kulungu hawa tunataka visima.* Nilimwambia rubani hayo si maneno yangu. Alisema yeye ni rubani tu, ameagizwa kurudi ama na sahihi ama na mapipa, na jua linazama. Nikatia sahihi juu ya bawa la ndege, glovu moja mdomoni.

Nilikwenda peke yangu. Sitasimulia safari. Mtu mmoja hawezi kuwinda, kuchuna, kupakia na kulinda nyama isiliwe na mbwa mwitu, na mimi nilifanya yote manne vibaya. Kundi lilikuwa pale, kubwa kama nilivyolisikia. Kwa muda uliotosha watu wawili kuua thelathini, mimi niliua tisa, nikarudi siku ya kumi na moja.

Mama aligusa nyama, akanusa glovu zangu, zilizonuka petroli. "Imetoka wapi hii?" aliuliza, na hakuwa anauliza nyama. Nikamwambia yote, pamoja na lile neno la kwanza kwenye karatasi. Alipika, akala kidogo, akaniosha vidole kwa maji ya uvuguvugu. Hatujalizungumza tena.

Hesabu yake ni hii. Galoni mia na kumi, zimekwisha zote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, viliganda kwa baridi safarini, vikakatwa hospitali mwezi wa kumi na mbili. Kulungu kumi na wawili kwa kijiji kizima, watatu wa mlimani na tisa wa mashariki. Mwaka wa kawaida tunapata kama mia tatu. Nyumba ziko arobaini na moja. Nyama ya mlimani ilipokelewa na zote nilizobisha hodi. Ile ya mashariki ilipokelewa na kumi na sita, na nyumba ya Alvin haimo. Karatasi yenye picha yangu imechapishwa nakala elfu sita. Mama alipoteza kilo tisa hadi Aprili na amerudisha mbili. Alvin hajanisemesha kwa miezi kumi na minne. Petroli ni dola kumi na tano na nusu.